Saratani mbili au zaidi katika utumbo mpana mmoja: mwongozo kamili, kutoka kipimo hadi matibabu

Maswali ninayopokea kuhusu saratani ya utumbo mpana huanza karibu yote kwa namna moja: "Majibu yametoka, ni saratani. Upasuaji lini?" Nikiomba kuiona ripoti ya kolonoskopi (kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana), mara nyingi nakuta mstari ambao hakuna aliyeusoma: kamera haikufika mwisho. Uvimbe mmoja umeonekana, watu wote wameukazia macho huo, na nusu ya utumbo haijatazamwa.

Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii, 3 hadi 5 hivi huwa na saratani nyingine ndani ya utumbo huo huo kwa wakati mmoja. Hiyo ya pili haikusambaa kutoka kwa ya kwanza. Imeota yenyewe, mahali pake, na inaweza kuwa changa au kubwa kuliko ile iliyoonekana mwanzo. Usipoijua kabla ya kisu, utaijua baada ya kisu, na hapo unarudi mezani ukiwa na tumbo lenye makovu.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa yule ndugu anayebeba faili. Haumwondoi daktari. Unakupa la kumuuliza na wakati wa kuliuliza.

## Kama hali ni ya dharura, acha kusoma

Tumbo likivimba na kukaza, ukatapika, ukakosa choo na hata kujamba, huenda utumbo umeziba. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usinywe dawa yoyote ya kuharisha, hata ile uliyopewa kwa ajili ya kolonoskopi, kwa sababu utumbo ulioziba ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Ripoti ya kolonoskopi yenyewe pamoja na picha zake. Barua ya rufaa inayosema tu "amekutwa na uvimbe" haitoshi.
- Ripoti ya patholojia ya kila kipande kilichokatwa.
- Diski ya picha za CT na maelezo yake ya maandishi.
- Majibu ya damu: wingi wa damu, figo, ini na CEA (protini ambayo saratani nyingi za utumbo huimwaga kwenye damu).
- Orodha ya dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, za kisukari, za presha na vidonge vya madini ya chuma.
- Karatasi ya ukoo: nani aliugua saratani, ya kiungo gani, akiwa na umri gani. Andika pia saratani ya mji wa mimba. Watu huiacha wakidhani haihusiani na utumbo, kumbe inahusiana.
- Daftari moja, la kazi hii tu.

## Hatua ya 1: Soma ripoti ya kolonoskopi ukitafuta mambo manne

Je, kamera ilifika sikamu? Sikamu ndiyo mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Neno "kamili" peke yake lisikuridhishe. Tafuta picha mbili: tundu la kidoletumbo, na mlango ambapo utumbo mwembamba unaingia katika utumbo mpana. Zikiwepo, kamera ilifika.

Utumbo ulikuwa safi kiasi gani? Hospitali nyingi hutumia kipimo cha Boston. Utumbo hugawanywa sehemu tatu, kila sehemu ikapewa alama 0 hadi 3, jumla 9. Kinachotakiwa ni angalau 2 katika kila sehemu. Jihadhari na jumla: 3 na 3 na 0 ni 6, sawasawa na 2 na 2 na 2, lakini ile sifuri ni theluthi ya utumbo iliyofunikwa na kinyesi. Hapo uvimbe wa ukubwa wa embe unaweza kulala bila kuonekana.

Vimehesabiwa vivimbe na polipu (vinyama vinavyoota ukutani mwa utumbo) ngapi, na viko wapi? Ukikuta "sentimita 60 kutoka mkunduni", usiichukue kama anwani. Mpira wa kamera hujikunja na utumbo hujivuta kama mkono wa sweta, hivyo sentimita 60 za leo zinaweza kuwa 45 kesho. Umbali huo unaaminika ndani ya puru tu, yaani kipande cha mwisho kabla ya mkundu.

Nini kilifanywa? Biopsi (vipande vya kupimwa) ngapi, polipu zipi zilitolewa, na kama wino uliwekwa.

Sababu ya ukali huu ni kwamba uvimbe wa pili hupotea kwa njia tatu: uchafu, uvimbe wa kwanza kuziba njia, na jicho la daktari kuridhika na kile alichokwisha kukipata. Hii ya tatu haiandikwi kwenye ripoti yoyote. Ndiyo maana wanaojua kazi huuliza pia kamera ilirudi kwa muda gani, maana utumbo hukaguliwa wakati wa kuitoa. Dakika 6 hadi 8 ndicho kiwango cha chini hata kama hakuna kinachokatwa.

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kuchora utumbo kama fremu ya mlango (kupanda kulia, kukatiza juu, kushuka kushoto, kisha kukunja kuelekea puru) na kuweka alama kila palipoota kitu, bila kubaki kipande usichojua habari zake.

## Hatua ya 2: Kamera isipofika, jua ni kwa nini

Kama ni uchafu, kipimo kinarudiwa baada ya usafishaji bora. Nenda hatua ya 3.

Kama ni uvimbe uliobana njia, omba kolonografi ya CT. Hewa au kaboni dayoksaidi huingizwa kupitia njia ya haja kubwa, utumbo ukatanuka, halafu picha zikapigwa. Huonyesha vizuri kitu kikubwa kilichojificha nyuma ya kizuizi, ila vivimbe vidogo au bapa vinaweza kuipita, na haiwezi kukata biopsi. Mahali pengine hujaribiwa kwanza kamera nyembamba zaidi.

Kama yote mawili hayawezekani, mathalani mgonjwa amekuja akiwa ameziba, daktari wa upasuaji ataupapasa utumbo kwa mkono akiwa ndani, au kamera itapitishwa pale pale mezani. Hata hivyo kolonoskopi kamili bado ni deni, na hulipwa ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji. Andika tarehe hiyo daftarini kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ukiiacha, hakuna atakayekukumbusha.

Tahadhari: CT ya kawaida ya tumbo haichukui nafasi ya kipimo hiki. Inatazama ini na tezi za limfu. Ndani ya utumbo ambao haukutanuliwa haioni vizuri.

## Hatua ya 3: Safisha utumbo kana kwamba majibu yote yanategemea hilo

Yanategemea. Hapa ndipo wengi wanapofeli, na mara nyingi kosa ni la karatasi ya maelekezo yenye mistari minne kuliko la mgonjwa.

Siku 5 hadi 7 kabla, uliza kuhusu kusitisha vidonge vya chuma. Hufanya kinyesi kuwa cheusi na cha kunata. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako. Aliyeziandika ndiye atakayesema lini zisimame na lini zirudi. Wenye kisukari waulize mapema kuhusu dozi ya siku ya kufunga. Wenye matatizo ya figo au moyo waseme hivyo kabla ya kupewa dawa ya kusafishia, kwa sababu zile zenye fosfeti zinaweza kuwadhuru. Zenye polietilini glaikoli ndizo salama zaidi kwao.

Siku 2 au 3 kabla, acha mbegu, karanga, nafaka zisizokobolewa, mboga za majani na matunda yenye nyuzi. Mbegu moja ndogo inaweza kuziba tundu la kamera la kufyonza maji. Siku ya mwisho hufuata maji na vinywaji vyepesi visivyo vyekundu, kwa jinsi ulivyoelekezwa.

Dawa yenyewe inywe kwa mafungu mawili: nusu jioni, nusu saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na uwe umemaliza angalau saa 2 kabla. Watu hulalamika kuamka usiku wa manane kwa ajili ya nusu ya pili. Lakini wakati wewe umelala, utumbo mwembamba unaendelea kumwaga majimaji ya njano mazito upande wa kulia, na upande huo huo ndio ambako vivimbe bapa hupenda kukaa. Anayekunywa yote jioni hufika asubuhi na kushoto kusafi, kulia kumepakwa rangi.

Ipoze dawa, inywe kwa mrija ulioupeleka nyuma ya ulimi, pumzika dakika 10 kati ya glasi na glasi. Kichefuchefu kikizidi, pumzika nusu saa kisha endelea polepole. Ukitapika mfululizo, au tumbo likauma na kukaza bila choo kutoka, acha na upige simu hospitali.

*Utajua umefanikiwa* kwa kutazama chooni. Kinachotoka kiwe kama mkojo: njano, angavu, unaona chini. Kahawia yenye vipande maana yake bado. Kahawia bila vipande nayo bado, na hapa ndipo watu hujidanganya. Ukifika kliniki hali ikiwa hivyo, mwambie muuguzi kabla hujalala kitandani. Mara nyingine kuna nafasi ya kuongezewa dozi.

## Hatua ya 4: Kila uvimbe na kichupa chake, kila uvimbe na wino wake

Ili ziitwe saratani mbili zinazojitegemea, masharti ni matatu: kila moja ithibitishwe na patholojia, kuwe na utumbo mzima usio na ugonjwa kati yake na mwenzake, na isiwe imesambaa kutoka kwa nyingine. Vipande vyote vikitiwa kichupa kimoja, sharti la kwanza limeshavunjika na hakuna wa kulirekebisha. Uliza: "Kila uvimbe umekatwa biopsi yake na kuandikwa mahali pake?"

Wakati mwingine cha pili ni polipu tu. Ikiweza kutolewa kwa kamera ikatoka yote, upasuaji unabaki mmoja mdogo. Hii ni habari njema ambayo huja tu kwa wale waliokaguliwa kikamilifu.

Kisha wino. Uvimbe mdogo hauonekani kutoka nje ya utumbo, na katika upasuaji wa matundu madogo daktari hana mkono wa kupapasia. Akifungua bila alama, anaweza kukata sentimita 20 za utumbo mzima na kuuacha wenye saratani. Wino mweusi usiofutika huchomwa ndani ya ukuta, sehemu kadhaa kuuzunguka utumbo, kwa kawaida upande wa kuelekea puru. Ripoti lazima iseme ni upande upi. Doa lisilo na maelezo humwacha daktari akikisia akate juu yake au chini yake. Sikamu na puru kwa kawaida hazihitaji wino, kwa kuwa zinatambulika zenyewe.

## Hatua ya 5: Tafuta kama imesambaa

Hii ni fupi. CT ya kifua, tumbo na nyonga. MRI ya nyonga kama mojawapo iko kwenye puru. CEA kabla ya upasuaji. CEA ikiwa ya kawaida haimaanishi huna saratani. Kazi yake kubwa ni kuwa kipimo cha kulinganishia baadaye.

Hatua ya ugonjwa huhesabiwa kwa uvimbe uliokwenda mbali zaidi. Saratani mbili za hatua ya 1 hazijumlishwi kuwa hatua ya 2. Nimeulizwa hilo mara nyingi kuliko unavyofikiri.

## Hatua ya 6: Uliza kwa nini zimeota mbili

Maabara ya patholojia inaweza kupima protini nne zinazorekebisha makosa ya vinasaba: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Omba zipimwe katika kila uvimbe, kwa maana mmoja unaweza kuzikosa na mwenzake akawa nazo zote. Kupima mmoja tu ni kucheza bahati nasibu.

Protini ikikosekana, huenda mgonjwa ana ugonjwa wa Lynch, unaorithiwa, ambao huleta saratani za utumbo mpana na za mji wa mimba. Sasa unaona kwa nini ile karatasi ya ukoo. Ila MLH1 ikikosekana kuna kipimo kingine kwanza, cha badiliko la kinasaba kiitwacho BRAF au cha kuzimwa kwa kinasaba chenyewe cha MLH1, kwa kuwa mara nyingi hali hiyo hutokea uzeeni bila urithi wowote. Usiwapigie simu ndugu wote kabla ya jibu hilo.

Sababu nyingine zinazojulikana ni urithi unaojaza utumbo mamia ya polipu, na uvimbemoto wa muda mrefu wa utumbo mpana wenye vidonda. Kila moja hubadilisha upasuaji, na ndiyo maana hatua hii iko kabla ya ile ya 7.

## Hatua ya 7: Chagua upasuaji

Uamuzi huu ni wa kikao: daktari wa upasuaji, wa kamera, wa saratani, wa picha na wa patholojia. Mambo husimama hivi.

Vivimbe vikiwa jirani, mkato mmoja uliorefushwa kidogo huvichukua vyote. Hapo hakuna mjadala mrefu.

Vikiwa mbali, kwa mfano mmoja kulia na mmoja kushoto, kuna njia mbili. Ya kwanza ni mikato miwili na maungio mawili. Utumbo mwingi unabaki, choo kinakaribia hali ya zamani. Gharama yake: sehemu mbili zinazoweza kuvuja, na kipande cha katikati kinachotegemea mishipa ya damu ambayo huenda imeguswa kutoka pande zote mbili. Ya pili ni kuondoa karibu utumbo mpana wote na kuunganisha utumbo mwembamba na puru. Ungio linakuwa moja na hakuna pa kuota saratani mpya isipokuwa puru, lakini choo huwa laini, mara 3 hadi 5 kwa siku au zaidi, hasa miezi ya mwanzo.

Nitasema ninavyoona. Kijana mwenye Lynch, au mtu mwenye polipu nyingi zilizotawanyika, ana sababu nzuri ya kukubali mkato mkubwa. Mzee wa miaka 80 ambaye tayari anawahi chooni kwa shida, mkato huo unaweza kumfungia ndani ya nyumba. Kwa hiyo, kabla ya kikao, mjibu daktari kwa ukweli: unaweza kuzuia haja kwa muda gani? Swali linatia haya, lakini jibu lake lina uzito kama picha ya CT.

Wenye utumbo uliojaa mamia ya polipu, na wengi wa wenye vidonda vya muda mrefu, huondolewa utumbo mpana pamoja na puru.

Mmoja ukiwa kwenye puru, mpangilio unakuwa mgumu zaidi. Puru mara nyingi huhitaji mionzi na dawa kabla ya kisu, na uvimbe wa pili unasubiri huko juu. Kama huo wa pili unavuja damu au unakaribia kuziba utumbo, zamu hugeuzwa. Na kama zile protini za hatua ya 6 hazipo, uliza kuhusu tiba ya kinga (dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani) kabla ya mionzi. Saratani za namna hiyo zinaweza kuitikia vizuri sana.

Maswali ya kuandika daftarini: Maungio mangapi? Nitakuwa na mfuko wa choo, wa muda au wa kudumu? Kipande kinachobaki kinapata damu kutoka wapi? Mkiwa ndani mkakuta zaidi ya kilichoonekana, mtafanya nini?

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kumweleza ndugu yako, bila karatasi, ni kipande kipi kinatoka na kwa nini.

## Hatua ya 8: Siku 10 za kwanza

Amka, tembea, kunywa kadiri unavyoruhusiwa. Kinachoogopwa ni ungio kuvuja: homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, tumbo kuvimba. Ukiwa na maungio mawili, kuwa macho maradufu. Uvujaji unaweza kutokea ukiwa umesharuhusiwa kwenda nyumbani, hivyo usijifariji kwamba "ni gesi tu".

## Hatua ya 9: Ripoti ya pili ya patholojia, kisha dawa

Kila uvimbe uelezwe peke yake: kina chake, kingo za mkato na tezi zake. Tezi zilizohesabiwa ziwe angalau 12. Zikiwa 5 na zote safi, huwezi kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa haukufika huko.

Tezi zikiwa na saratani, kwa kawaida hufuata tibakemikali ya miezi 3 hadi 6, ikianza ndani ya wiki 8 baada ya upasuaji. Dawa huchaguliwa kwa kufuata saratani iliyokwenda mbali zaidi. Hazitibiwi kwa zamu. Kabla ya dawa za tibakemikali ziitwazo kapesitabini au fluorourasili, uliza kipimo cha DPD, kimeng'enya kinachozivunja dawa hizo mwilini. Asiye na kimeng'enya hicho anaweza kudhurika vibaya na dozi ya kawaida. Na kama saratani ni ya hatua ya 2 isiyo na zile protini za hatua ya 6 ya mwongozo huu, dawa hizo peke yake hazimsaidii mgonjwa, basi asipewe kwa mazoea.

## Hatua ya 10: Ufuatiliaji

CEA kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. CT kwa ratiba ya daktari wako. Kolonoskopi mwaka 1 baada ya upasuaji, ikiwa safi baada ya miaka 3, halafu 5. Mwenye Lynch ni kila mwaka 1 hadi 2, maisha yote, hata kama kilichobaki ni puru tu.

Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wajulishwe. Kama Lynch imethibitishwa, kipimo cha damu huonyesha nani kairithi na nani hakuirithi. Aliyeirithi huanza kolonoskopi mapema, mara nyingi kwenye miaka ya 20. Wape nakala ya majibu yenyewe yenye jina la kinasaba kilichoharibika, maana maabara haiwezi kutafuta kitu kilichoelezwa kwa mdomo kama "ugonjwa wa tumbo wa ukoo".